Shahada Ndani ya Mashine

Begi langu lilikuwa limeshafungwa. Mara mbili chungu kiliungua jikoni nami niko uani nimesahau, mwanangu Mudathir akanipeleka kupigwa picha ya kichwa. Daktari akaitazama, akasema ubongo umesinyaa. Basi nikawa mtu wa kuhamishiwa Dar, nikaangaliwe kama mtoto, na nyumba yangu ya Nguvumali ifungwe.

Tangu hapo nikikaa nasimama, nikisimama nakaa.

Nasima, binti wa jirani, kazi yake ni hizohizo picha. Akaja kunitazama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kuniaga?"

"Bado. Picha yako waliilinganisha na picha ya mfano ya vijana. Ubongo nao huzeeka, kama ngozi. Sisi tumepiga picha wazee wengi wazima wa huku pwani, tukazichanganya tukapata mfano wa rika lenu. Njoo tukupige upya, tukulinganishe na wenzio."

"Na kama umesinyaa kweli?" Mudathir akauliza.

"Utamchukua, kaka. Lakini ujue unamchukua kwa sababu gani."

Tukaenda hospitali, nikalazwa kwenye kitanda cha mashine, nikasukumwa kwenye tundu jembamba. Ukuta puani, nyundo zinagonga. Nikaona huku ndiko kaburini, nikaanza kutoa shahada.

Nasima akanivuta nje. "Bibi, picha imetikisika. Unaongea na nani humo?"

"Na Mola wangu."

"Anakusikia hata ukinyamaza. Sema moyoni, mdomo utulie."

"Mama kunyamaza?" Mudathir akacheka. "Hapo mmeshindwa."

"Na wewe huo mdomo umerithi wapi?"

Nikarudishwa. Mguu ukaniwasha, sikuukuna. Shahada nikaipeleka moyoni, ikawa inapanda kooni naimeza. Kisha hofu nyingine: jiko je? Nikalifuata kwa mawazo. Mkaa nimeuzima kwa maji, kunde nimefunika, ufunguo nimempa mjukuu wangu Hafsa. Yote nikayaona.

Nasima akaziweka picha mbili kwenye kioo cha kompyuta, yangu na ya mfano.

"Uko sawa na wenzio, bibi. Kusahau utasahau, tutazidi kukuangalia. Ila kusinyaa kupita umri wako, hapana."

Mudathir akaniuliza, "Utaweza peke yako?"

"Hafsa atalala kwangu. Na chungu nitakaa nacho mpaka kiive."

Tulipofika nyumbani akaliingiza begi chumbani. Nikatoa kanga zangu moja moja nikazirudisha sandukuni. Katikati nikainuka kwenda kutazama jiko. Lilikuwa baridi. Nikarudi, nikakaa, nikainuka tena.