Nyuso za Binti Nanga

"Usiikate hiyo ya kucheka," Pappas alisema bila kuinua kichwa. "Ukurasa huo meli inazama. Nani anacheka meli ikizama?"

"Zimebaki mbili tu," Mena alimjibu. "Ya kucheka na ya hasira."

"Basi akasirike. Kuna vita, ana haki ya kukasirika."

Mena Cardillo aliushika wembe, akaikata ile sura ya hasira polepole, akazunguka nywele, akapita chini ya kidevu. Akaipaka gundi mgongoni, akaibandika juu ya shingo aliyokuwa ameichora mwenyewe asubuhi ile. Shingo ilikuwa kazi yake. Mabega, minyororo, vazi lenye nanga kifuani, vyote kazi yake. Uso tu ndio haukuwa wake. Uso ulikuwa kazi ya kaka yake Nunzio, na Nunzio alikuwa chini ya Atlantiki tangu Aprili.

Karakana yetu ya katuni ilikuwa ghorofa ya nne, Manhattan, juu ya washona kofia, na cherehani zao zilitutetemeshea wino mchana kutwa. Hakuna aliyechora ukurasa mzima peke yake. Mmoja alichora majumba, mwingine miili, mwingine sura, na Pappas, Mgiriki yule asiyenyamaza, aliandika maneno yanayotoka midomoni mwa watu. Sura zilikuwa za Nunzio. Ndiye aliyembuni Binti Nanga, msichana anayewauzia makuli kahawa bandarini, ambaye hatari ikitokea hutupa mnyororo wake baharini na kuivuta meli nzima kutoka mdomoni mwa kifo. Watoto walimpenda kufa. Bwana Adelsky, mwenye karakana, alikuwa akisema, "Ngumi kila mtu anazo. Mtoto ananunua sura."

Nunzio alipoitwa jeshini na kupangiwa manowari, Bwana Adelsky alitokwa na machozi. Tusidanganyane, aliililia biashara. Basi Nunzio akakaa wiki yake ya mwisho akichora nyuso tupu, karatasi kwa karatasi: Binti Nanga analia, anapiga kelele, anashangaa, amelala, anatazama kushoto, anatazama kulia. Mena azikate na kuzibandika kila zikihitajika. "Zitawatosha mpaka nirudi," alisema, akamfinya dada yake sikio. Loh! Alidhani vita ni jambo la miezi.

Simu ya maandishi ya jeshi ilipofika nyumbani, Bronx, aliyeisoma ni jirani, Bi Titina, kwa kuwa Bi Rosaria, mama yao, hakujua kusoma Kiingereza. Meli imezama. Nunzio Cardillo si miongoni mwa waliookolewa. Bi Titina alilia vizuri tu, kisha, kwa kuwa hajui kuuzuia ulimi wake, akaongeza kwamba sasa ile nyota ya buluu ya dirishani, alama ya nyumba yenye mwana vitani, ibadilishwe, iwekwe ya dhahabu, kama desturi ya waliofiwa.

"Toka kwangu!" Bi Rosaria alimfukuza. "Wamekwambia amekufa? Wamesema hawakumwokoa wao. Mwanangu anajua kuogelea."

Na huenda angekubali, taratibu, kama wengine walivyokubali. Lakini Juni lilitoka toleo jipya la Binti Nanga, akalinunua kibandani kama alivyonunua yote. Mena alipoingia jioni alimkuta mama yake amesimama katikati ya jikoni, uso unang'aa.

"Njoo nisomee hapa juu. Huu mwezi gani?"

"Agosti, mama."

"Na leo?"

"Juni."

"Na hii sura ya nani?" Akafungua ndani, akaugonga uso wa Binti Nanga kwa kidole. "Usinifiche. Mkono wa mwanangu nitaujua hata gizani. Sasa niambie wewe uliyesoma: mtu aliyekufa Aprili anachoraje Agosti?"

Sisi wa kazi hii tunajua kwamba majarida haya huandikwa mwezi wa mbele, ili muuzaji asiyaondoe kibandani mapema akidhani yamepitwa. Ni ujanja wa biashara tu. Mena alifungua mdomo aseme hivyo. Aseme pia kwamba sura zile Nunzio alizichora akiwa bado na viatu vya kiraia. Lakini mama alikuwa anacheka, jambo ambalo halikuonekana nyumbani mle tangu Aprili, na Mena mwenyewe alikuwa amechoka kulia. Akafunga mdomo.

"Serikali imemficha mahali," Bi Rosaria aliamua. "Wamemweka awachoree. Kijana ana kipaji, wangemwacha?"

Tangu siku hiyo mambo yakaenda hivyo. Padri alikuja kuzungumzia misa ya wafu, akarudishwa mlangoni na kikombe cha kahawa, kahawa yenyewe ya mgao. Nyota ya buluu haikuguswa. Kila mwezi mama alinunua jarida, akautafuta mkono wa mwanawe, akaubusu, akaweka sahani ya tatu mezani. Na kila mwezi Mena alikwenda kazini na kukata uso mwingine, na bahasha ya zile nyuso ikazidi kuwa nyembamba. Usiku wa dhamiri mbaya ni mrefu, na yeye aliulala hivyo majira yote ya joto.

Baada ya ile sura ya hasira akabandika ya kucheka. Ikabidi mtunzi wa hadithi atafute kichekesho cha kuiweka. Kisha zikaisha.

"Nakili," Bwana Adelsky alisema. "Chukua ya zamani, iweke juu ya kioo, washa taa chini, fuata mistari. Nani atajua?"

"Mama yangu."

"Mama yako ndiye ananunua nakala zangu zote? Nakili, binti."

Akanakili. Alifuata mistari ya Nunzio kwa uangalifu wote, na hapo ndipo alipoharibu, kwa maana Nunzio hakuwa mwangalifu. Mkono wake ulikimbia. Wa Mena ulitembea nyuma yake ukiogopa kukanyaga pembeni.

Toleo lilipotoka Bi Rosaria alilitazama muda mrefu, akalisogeza kwenye taa, kisha akaketi.

"Anaumwa," alisema. "Tazama mstari huu. Mkono unamtetemeka. Mwanangu ni mgonjwa na hakuna anayeniambia!"

Mena alijaribu. Safari hii alijaribu kweli. Akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake. "Mama, nisikilize. Zile nyuso Nunzio alizichora kabla hajaondoka. Mimi nilikuwa nazibandika. Hii ya leo nimeinakili mimi. Na tarehe wanaandika ya mbele, ni mtindo wao tu."

"Wewe?" Bi Rosaria alimtazama kana kwamba ametukanwa. "Wewe unaosha brashi pale. Nunzio alikuombea kazi kwa huruma. Tangu utotoni unamwonea wivu kaka yako, na sasa unataka hata uhai wake."

Mena aliinuka. Maneno hayo yalimuuma, na yanamuuma hadi leo.

Kesho yake Bi Rosaria alifunga kifurushi: soksi za sufu, tini kavu, kipande cha jibini kilichomgharimu kuponi za wiki. Akavaa kofia ya kanisani, akapanda peke yake treni ipitayo juu ya barabara, yeye ambaye hakuwahi kuvuka mto bila mtoto wa kumshika mkono, akaenda ofisi za jeshi la majini na jarida kwapani. Mena aliporudi kutoka kazini alimkuta ameshafika, anamenya vitunguu huku akiimba kidogo.

"Walikupokea vipi, mama?"

"Wapole. Wamenipa kiti na maji. Kijana mmoja wa sare ameandika jina langu. Kifurushi hawakuchukua, wanasema hawana anwani. Siri, si unaona? Lakini sikiliza. Kwenye foleni nilikaa na mwanamke mmoja wa Brooklyn, Bi Halvorsen, maskini wa Mungu, mwanawe alikuwa meli moja na Nunzio. Moja! Ameshavaa nyeusi. Nikamwonyesha jarida. Nikamwonyesha na mwezi. Mena, yule mwanamke alinikumbatia mbele za watu. Amesema akifika nyumbani anavua ile nyeusi anaitia motoni. Nimempa mtoto wake, unaelewa? Kwa mikono yangu hii."

Mena alishika ukingo wa meza. Kumdanganya mama ni kitu kimoja, mtu anaweza kujiambia ni huruma. Lakini sasa Brooklyn kulikuwa na jiko lingine lenye sahani ya ziada, na mwanamke asiyemjua angesimama kibandani kila mwezi akisubiri. Na yule naye angemwambia mwenzake. Kwa maneno hakuna aliyemsikiliza. Mama yake aliamini macho yake tu, na mkono alioujua.

Asubuhi Mena alifika karakana kabla ya washona kofia. Hakuwasha taa ya kioo. Alichukua penseli, akauchora yeye mwenyewe uso wa Binti Nanga, bila kutazama chochote cha Nunzio. Wa kwanza akaufuta. Wa pili ulikuwa na pua iliyopinda, nao akaufuta. Wa tatu akauacha. Ulikuwa uso wa mwanamke aliyekosa usingizi, mpana kidogo, macho yamekaa chini. Akapitisha wino kabla woga haujamrudia, kisha akaendelea na mwingine, na mwingine, ukurasa wote, toleo lote.

Bwana Adelsky alisimama nyuma yake na sigara.

"Huyu nani?"

"Binti Nanga."

"Binti Nanga hana macho hayo. Binti Nanga huwa kama amekula vizuri."

"Ndiye huyu, Bwana Adelsky. Sina mwingine."

"Wasomaji wataandika barua."

"Waandike," Pappas alidakia kutoka kwenye kona yake. "Bwana mkubwa, mchapaji anakuja mchana. Unataka sura nzuri au unataka jarida?"

Bwana Adelsky alivuta sigara yake mpaka karibu na vidole. Aliitazama ile sura, akamtazama Mena, na nadhani aliona kitu, kwa sababu alikwenda zake bila kutukana.

Toleo hilo Mena hakusubiri likanunuliwe. Alilileta mwenyewe nyumbani, bado linanuka wino, akaliweka mezani mbele ya mama yake. Maharage yalikuwa motoni. Bi Rosaria alifuta mikono kwenye aproni, akafungua. Mwezi wa jaladani hakuutazama. Akapita ukurasa wa kwanza, wa pili, akilowesha kidole ulimini. Akafika mwisho. Akarudi mwanzo, taratibu zaidi, kama mtu aliyedondosha sindano.

"Hayumo," alisema.

Bi Rosaria akalifunga jarida, akalifungua tena.

"Nunzio hayumo humu. Nani kachora huyu?"

"Mimi, mama."

"Wote?"

"Wote."

Bi Rosaria alisema tena, "Hayumo," kwa sauti ndogo, halafu sauti ikampasuka. Alilia kilio alichokizuia tangu Aprili, kilio cha kijijini kwao alikozaliwa, akimwita mwanawe kwa jina la utotoni, akijipiga kifua kwa ngumi, na ng'ambo ya ukuta Bi Titina akazima redio. Mena alimshika mikono asijiumize. Mama akaichomoa, akampiga begani mara moja, kisha akaangukia begani hapohapo. Wakakaa hivyo sakafuni. Mena alilia pia, na aliona haya, kwa kuwa ndani ya kilio chake kulikuwa na nafuu.

Kulipotulia, Bi Rosaria aliunyoosha mkono mezani na kulishusha jarida mapajani. Alilifungua katikati, palipokuwa na picha moja kubwa iliyojaza kurasa mbili. Binti Nanga alikuwa mdogo sana kule juu pembeni, ameshika mnyororo. Chini yake kote ni bahari, usiku, mawimbi juu ya mawimbi.

"Na haya maji?" aliuliza. "Haya nani aliyachora?"

"Mimi, mama."

"Na yale ya zamani? Alipokuwepo?"

"Mimi pia. Nunzio alichora nyuso tu. Maji yote ni mkono wangu, tangu toleo la kwanza."

Bi Rosaria aliyatazama muda mrefu, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akizitazama nyuso. Hakuwahi kuyatazama kabla ya siku ile. Akauweka mkono wake juu ya karatasi, kiganja kizima, pale ambapo wino ulikuwa mweusi zaidi.

"Ya baridi?" aliuliza.

"Ya baridi, mama."

Hakuutoa mkono. Jikoni maharage yalianza kuungua, moshi ukaingia chumbani, na hakuna aliyenyanyuka.