Banda la Kuku Lenye Msumari wa Koti

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nikizunguka mnivumilie, wajukuu zangu, nitafika. Miaka arobaini na moja nimeshona nguo. Macho yalipogoma kuona tundu la sindano nikafunga kibanda changu cha sokoni, nikarudi nyumbani kukaa. Kumbe kukaa nako ni kazi! Nikikaa sebuleni, bibi yenu anafagia: "Inua miguu." Nikihamia barazani, anaanika nguo: "Sogea huko." Jikoni ndiyo usiseme. Nikageuka lile jiwe la kuegeshea mlango, kila apitaye analisukuma kwa mguu.

Nikawa natamani kajumba kangu. Ka mtu mmoja. Kiti, redio, na cherehani yangu kuukuu, nayo moyo wa kuiuza sikuwa nao. Lakini utamwambiaje mwanamke aliyekuzalia watoto watano kwamba unataka kukaa bila yeye? Neno kama hilo likitoka halirudi. Na moyo wa mtu, wajukuu zangu, ukipasuka hauna kiraka.

Basi nikadanganya. Nikamwambia najenga banda la kuku.

"Kuku?" akasema. "Haya, mzee."

Nikamwita rafiki yangu mwashi, yule tunayemwita Timazi, kama ile kamba yenye uzito ya kunyooshea ukuta, maana kuta zake zimenyooka ila mwenyewe anatembea kaenda upande. Akaniuliza ramani iko wapi. Ramani gani! Nikachomoa futi kamba yangu shingoni, nikajipima kama ninavyompima mteja. Nikanyoosha mikono yote miwili: huo upana. Nikakaa, tukapima kutoka chini mpaka machoni: hapo dirisha. Bega mpaka bega, nikaongeza vidole vinne kila upande, vile ninavyoacha kitambaa ndani ya mshono mteja asije akanenepa: huo mlango.

"Kuku wako wana mabega mapana," Timazi akasema.

"Wewe panga matofali."

"Napanga. Nauliza tu, jogoo atataka na mfuko wa shati?"

Wiki tatu tukamaliza, nyuma ya nyumba, pale karibu na tangi la maji. Bati juu, saruji chini, na msumari mmoja ukutani, usawa wa mkono wangu. Timazi alipoondoka nikaingia, nikageuza ndoo nikaikalia. Haki ya Mungu, lilinikaa! Halibani kwapani, halipwayi kiunoni. Dakika kumi nzima hakuna aliyeniambia inua miguu.

Kesho yake asubuhi namwona bibi yenu anaingia getini na tenga kichwani. Ndani ya tenga mitetea sita na jogoo.

"Dada yangu katupa," akasema. "Banda limekamilika, twende tukawaingize."

Nikamfuata. Akalitua tenga mbele ya mlango, akaanza kufungua kamba. Jogoo akatoa kichwa, akanitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji. Nikajua nikinyamaza hapa, basi tena, kajumba nimekakosa.

"Mama watoto, ngoja. Hili si banda la kuku."

"La nani?"

"Langu. Nilitaka pa kukaa. Peke yangu. Si kwamba nimekuchoka, ila..."

Bibi yenu akaingia ndani, akaikalia ile ndoo. Akagusa msumari. "Na huu?"

"Wa koti."

"Na dirisha?"

"La kuangalia nje nikiwa nimekaa."

Nikaona mabega yanamtikisika. Nikajua ndiyo hivyo, nimemliza. Kumbe anacheka! Anacheka mpaka anajishika ubavu.

"Mzee, nimeishi na fundi nguo miaka yote hii, nisijue nguo ya nani inakatwa? Nilikuona pale uani umetanua mikono kama kinyago cha kufukuzia ndege. Nikasema ngoja, nione atadanganya mpaka wapi."

"Na kuku wa dada yako?"

"Dada gani? Wa jirani. Nimewaazima, nawarudisha saa hii."

Nikamuuliza kama hakuumia.

"Niumie? Tangu ufunge kibanda, nyumba hii sijaisikia imetulia hata siku moja. Unanifuata jikoni kuuliza chumvi imetosha! Nilikuwa naomba upate pa kwenda, nikaogopa kusema. Ungeona nakufukuza."

Nilishusha pumzi, wajukuu zangu, kama mtu aliyefungua mkanda baada ya shibe. Wote wawili tulikuwa tunabanwa na nguo moja, kila mmoja anaogopa kufumua.

Jogoo sasa ameshaingia ndani na hataki kutoka, tukamkimbiza tunazunguka pale pa cherehani ambayo hata sijaihamishia. Tulipompata, bibi yenu akajitwika tenga lake.

"Pale mlangoni umeacha akiba?"

"Vidole vinne kila upande."

"Basi nenepa tu," akasema. "Lakini hukohuko."

Nikavua koti, nikalitundika.