Piano Iliyonywea

Piano kubwa ya Klabu ya Miti Mirefu, hapa Nakuru, ina miaka mingi kuliko Katiba, na inaheshimiwa zaidi. Mlowezi mmoja aliileta kwa meli, akaipandisha bondeni kwa gari moshi, akaiweka katika ukumbi wenye vichwa vya swara ukutani. Tangu siku hiyo kuigusa ni kwa ruhusa. Walowezi walipoondoka, ruhusa ilibaki. Ilihamia tu mfuko mwingine.

Nasir Darweshi anayakumbuka haya kwa sababu baba yake ndiye aliyekuwa akipiga nta sakafu ya ukumbi ule. Jumanne moja ya mwaka 1961, mzee Darweshi akipangusa vumbi, kidole chake kilibonyeza kibao kimoja cha piano. Kimoja tu. Sauti ikatoka, memsabu akatoka, na mzee Darweshi naye akatolewa. Hakurudi tena.

Watu wa mtaa wake wa Bondeni humtania Nasir kwamba alijifunza ufundi wa piano kwa hasira. Hawajakosea. Hakuenda chuo chochote. Alifungua piano mbovu za makanisa na kuzifunga tena, mwaka baada ya mwaka, mpaka zikaacha kumbakizia skrubu mkononi. Sasa klabu iliyomfukuza baba humwita mwana mara nne kwa mwaka aje akaze nyuzi. Apitie mlango wa jikoni, bila shaka.

Ni kwenye ukumbi huo alikomwona Chemutai akishindwa.

Chemutai ni binti wa wafugaji wa Subukia, mpiga kinanda wa kanisa lao, na ana mikono midogo kama ya mtoto wa darasa la nne. Kila Februari klabu hufanya shindano la piano, na mshindi hupata nafasi ya kusomea ualimu wa muziki chuoni. Mwisho wa kushiriki ni umri wa miaka ishirini na mitano. Chemutai alikuwa ameshindwa mara mbili, wala si kwa kutojua. Wimbo wa lazima ulitaka mkono mmoja ushike do ya chini na do ya juu kwa pamoja, na mkono wake uliishia kwenye ti, noti moja kabla ya kufika, kama mtu anayenyoosha mkono rafu ya juu na kuligusa kopo kwa ukucha. Mwaka wa pili alipomaliza, aliandika barua. Aliuliza kwa adabu zote kama klabu ingeweza kutafuta piano ya vibao vyembamba kidogo.

Mwenyekiti, Mheshimiwa Gachanja, aliisoma barua hiyo kwenye mikrofoni.

"Huyu dada anataka tupunguze piano," alisema, na ukumbi ukacheka. "Dada yangu, piano haipunguzwi kama sketi. Mungu amempa kila mtu mkono wake. Ambaye mkono wake haufai piano, ajaribu ngoma."

Kisha, ili asisumbuliwe tena, akatunga kifungu cha saba: kila mshindani atapiga piano ya klabu, kama itakavyokuwa siku hiyo, na malalamiko yoyote kuhusu chombo hayatasikilizwa.

Nasir alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni na begi lake la zana. Alikikariri kifungu hicho neno kwa neno, kama alivyoikariri ile Jumanne.

Yeye alijua jambo ambalo Mheshimiwa hakulijua: kwamba upana wa kibao haukuteremshwa kutoka mbinguni. Piano za zamani huko Ulaya zilikuwa na vibao vyembamba zaidi. Wakaja wanaume wenye mikono kama majembe, wakajaza kumbi, na watengenezaji wakapima mikono hiyo na kuiita kipimo cha dunia. Na alijua jambo la pili. Piano kubwa ya kulala, ukifungua mbao za mbele, safu nzima ya vibao pamoja na nyundo zake huvutwa nje kama droo ya meza. Ukitengeneza droo nyingine itakayoingia humo humo, piano ni ile ile.

Ilimchukua miezi kumi na moja. Vijiti vya vibao alivichonga kwa saiprasi, vyembamba mbele na vilivyotanuka kama pepeo kwa nyuma, ili kila kimoja kifike chini ya uzi wake. Nyundo alizitoa kwenye piano iliyokufa ya misheni. Vibao vyeupe alivivika mfupa wa ng'ombe kutoka Kikopey: alikuwa akienda na gunia kwenye bucha za nyama choma, anaokota miguu iliyogugunwa, anaichemsha, anaikata vipande na kuing'arisha.

"Nyumba yangu inanuka supu mwaka mzima," mkewe Kuluthum alilalamika, "na supu yenyewe siioni."

"Vumilia. Huenda mfupa huu aliuguguna Gachanja mwenyewe."

"Basi uchemshe mara mbili."

Vibao vilipokaa sawa, kila Jumamosi Chemutai alishuka kutoka Subukia, kwa mwaliko wa Nasir, kuja kuvifanyia mazoezi kwenye karakana yake. Siku ya kwanza alipotanua mkono, kidole gumba kikakaa kwenye do ya chini na kidole cha mwisho kikaikuta do ya juu, aliuinua, akaushusha tena pale pale. "Kumbe iko hapa," alisema. Hakujua fundi alikuwa akipanga nini.

Alikuja kujua asubuhi ya shindano, jikoni mwa klabu, Nasir alipomwambia kwamba jana, alipokuja kukaza nyuzi, wanachama walipokuwa kwenye gofu, alibadilisha droo. Ile ya zamani ilikuwa chini ya jukwaa, imefunikwa shuka.

"Mzee! Wakijua wanaitoa jina langu! Huu ndio mwaka wangu wa mwisho!"

"Soma kifungu cha saba."

"Kifungu ni chao, mzee. Wanakisoma vile wanataka."

Nasir alijua binti anasema kweli. Hasira ilikuwa yake mwenyewe. Nafasi ya chuo ilikuwa ya Chemutai. Lakini wageni walikwisha kukaa.

Kila mwaka Mheshimiwa Gachanja hufungua shindano kwa kupiga wimbo mmoja aliofundishwa shuleni, ule ule, macho amefumba ili aonekane ameguswa. Mtu yeyote ambaye angetazama piano angeona kuwa vibao vinaisha mapema, na kwamba kila upande pengo limezibwa kwa kipande cha mbao iliyopakwa vanishi. Hakuna aliyetazama. Pale klabuni watu hawatazami piano, wanatazama nani ameikalia.

Akafumba macho. Akashusha mikono.

Ilikuwa kama sanduku la vijiko limeangushwa ngazini. Kila kidole kilikamata vibao viwili. Akarudia, kwa nguvu zaidi, kama viongozi wetu wafanyavyo wanapokosea. Vijiko vikaanguka tena.

Aliinuka, akapangusa paji la uso, akashika mikrofoni. "Ni kiangazi," alitangaza. "Hili jua la Nakuru. Mbao imenywea."

Na wanachama, wakiwemo mawakili wawili na daktari wa meno, wakatikisa vichwa kukubali. Imenywea. Ndiyo, kiangazi cha mwaka huu ni kikali.

Mshindani wa kwanza alikuwa Kiplimo, mwana wa mwanachama, kijana wa raga mwenye viganja kama sinia. Alifika mstari wa tatu, akasimama. "Hizi vitu ni ndogo, boss," alisema. "Vidole haziingii."

Mama yake akaruka kutoka kitini. "Huu ni uonevu! Mtoto amefanya mazoezi mwaka mzima, halafu mnampa chombo hakimtoshi? Mtu anapimwa kwa kipaji ama kwa vidole?"

Nasir aliitazama dari. Miaka miwili alingoja mtu aseme maneno hayo kwenye ukumbi huu, na mtu mwenyewe ndiye huyu.

"Fundi!" Gachanja aliita. "Umefanya nini hii piano?"

Nasir alitembea mpaka mbele. "Piano iko sawa, Mheshimiwa. Mungu amempa kila mtu mkono wake. Ambaye mkono wake haufai, si ulisema ajaribu ngoma?"

Nyuma mtu alicheka akakohoa. Gachanja akainama, akaviona vile vipande vya vanishi, akaelewa. Akamwona pia Chemutai kando ya ukuta, amekunja ngumi mbili ndogo.

"Kumbe! Huyu binti atolewe. Sasa hivi!"

"Kwa kosa gani?" aliuliza jaji, Mwalimu Linah wa chuoni, bila kuinua macho kwenye karatasi. "Hii ni piano ya klabu. Kifungu cha saba kinasema kama itakavyokuwa siku hiyo, na malalamiko hayasikilizwi. Mimi naendelea. Kiplimo, rudi ukae."

"Hakai!" mama Kiplimo alifoka. "Mwenyekiti, badilisha hiyo kifungu!"

"Kikibadilishwa kwa mmoja," alisema Linah, "kimebadilishwa kwa wote."

"Hata kwa ng'ombe, sijali! Badilisha!"

Jambo lililochekwa mwaka jana lilipita kwa dakika nne, kwa kuinua mikono: kila mshindani apewe vibao vinavyoufaa mkono wake. Nasir akavuta droo ya mfupa, akaingiza ya zamani, na Kiplimo akapiga, vizuri tu, hakuna anayemnyima sifa yake. Kisha likaitwa jina la Chemutai.

Nasir aliivuta ile ya zamani, akaiweka chini. Akashika ncha moja ya droo ya mfupa, akanyoosha mgongo. "Ni nzito," alisema, "na mimi ni mzee. Mheshimiwa, shika huko."

Watu mia mbili walikuwa wakitazama. Gachanja alitafuta mhudumu kwa macho. Wahudumu wote, sijui kwa nini, walikuwa wamepata kazi jikoni. Akashika. Suti yake ya kijivu ilipakwa grisi kifuani, na akatembea kinyumenyume, mwenyekiti wa klabu, akimbebea vibao binti wa Subukia.

Chemutai alikaa. Mkono wa kushoto ukatanuka, do kwa do, bila kunyoosha, bila kuruka, kama mtu anayefungua dirisha la nyumba yake. Linah aliweka kalamu chini kwenye mstari wa pili na hakuiokota mpaka mwisho.

Jumatatu jina la Chemutai lilibandikwa getini kama mshindi.

Mwezi uliofuata jarida la klabu lilitoa picha ya Gachanja ameshika droo, na chini yake maneno: Mwenyekiti akizindua uvumbuzi wake. Kwa upande wa Nasir picha ilikatwa. Palionekana vidole vyake vinne tu.

Kuluthum alitaka kuichana. Nasir akamzuia, akaipigilia msumari juu ya meza yake ya kazi. Akachukua penseli, akafuta maneno yale kwa mstari mmoja, akaandika mengine: Mpagazi, wa kwanza kutoka kushoto. Kisha akarudi kwenye kazi. Mifupa ilikuwa imeanza kuchemka. Barua tatu za kuomba vibao zilikuwa zimefika, moja kutoka Kamere, kutoka kwa mama anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua, mwenye mkono mdogo kuliko wa Chemutai.