Mkoba Nilioufumua

Naapa, na mimi nikiapa hushika kitu. Leo nimeshika msharasi, huu wa kutobolea ngozi, na ncha yake imeelekea kwangu mwenyewe: kila neno hapa lilitokea. Najua mtasema nini. Mtaani wananiita Chumvi, na jina hilo sikulipata kwa kupika. Niliwahi kusema nimetengeneza mkanda imara kiasi kwamba bwana aliyeuvaa alipokonda, mkanda ulikataa kumwachia mpaka akanenepa tena. Niliwahi kusema rangi yangu ya kahawia ilimrukia paka wa jirani, na paka yule akazaa watoto wa kahawia watupu. Hayo tuyaache. Hili la mkoba ni la kweli, na ningefurahi sana kama lingekuwa uongo.

Kazi yangu ilikuwa kusoma mita za maji. Nilipostaafu, mikono ikakosa cha kushika, nikawa nasoma mita ya nyumbani kwangu kila asubuhi, mpaka mke wangu akachoka. "Mzee," akaniambia, "tafuta kitu cha kufanya, la sivyo nitakukatia maji." Basi nikafumua kiatu changu cha kulia nione kimeshonwaje. Kiatu hicho ndicho kilichokuwa mwalimu wangu, sikupata mwingine. Kukirudisha kulinishinda, nikawa natembea na kandambili mguu mmoja huku nikiwaeleza watu kwamba nimeumwa na nge mkubwa kama kaa.

Mke wangu alikuja mezani kunicheka, akabaki. Meza yenyewe ni ile ya jikoni, karibu na dirisha. Mimi nilikata ngozi, nikaipaka rangi, nikasugua kingo kwa kitambaa chenye nta mpaka zikang'aa. Yeye alishona. Ushonaji wa ngozi una sindano mbili na uzi mmoja: hii inaingia upande huu, ile inaingia upande ule, zinapishana ndani ya tundu moja. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo mishono yake ililalia kushoto, na yangu ikalalia kulia.

"Mishono yako imelala kama walevi," alikuwa ananiambia.

"Na yako?"

"Yangu imelala kama watu wenye nyumba yao."

Alikuwa na haki. Sijaona mtu mwenye mkono kama ule.

Tuna binti mmoja tu. Anafanya kazi mbali. Kumfikia ni ndege mbili na basi. Mama yake alipoanza kumshonea mkoba, alinionya mapema: "Wewe kata, paka rangi, kisha kaa mbali. Huu ni wangu na mwanangu. Chumvi, usitie kidole."

Kisha ugonjwa ukaja, na ukaanzia kwenye ule mkono wa kushoto. Kwanza ulitetemeka akishika kikombe. Baadaye ulitetemeka hata ukiwa umelala juu ya shuka. Mdogo wake, shemeji yangu, akahamia kwetu kumuuguza. Mkoba haukuachwa. Kila alipopata nafuu kidogo aliuomba, tukamwegemeza kwenye mito, akatoboa tundu, akashona, akapumzika. Mimi nilikaa mbali kama nilivyoambiwa.

Alifariki Jumanne asubuhi. Binti yetu alikuwa bado anatafuta nafasi kwenye ndege. Nilipompa habari kwa simu, alilia mpaka nikadhani laini imekatika, kisha akasema, "Baba, ule mkoba. Usimpe mtu. Usiuweke mbali. Nataka kitu alichokishika mwenyewe siku hizi za mwisho, kwa sababu mimi sikumshika."

"Upo, mama," nikamwambia. "Upo hapa hapa."

Siku ya pili yake shemeji alikwenda hospitali kushughulikia mambo ya mwili. Nikabaki peke yangu, nikautoa mkoba kwenye kitambaa chake, nikauweka dirishani penye mwanga.

Upande mmoja ulikuwa ule mkono niliokuwa naujua, mishono imepangana kama meno ya mtoto mzuri. Chini, kwenye kona, ikaanza kuyumba. Matundu yakapanda, yakashuka, mengine yakagusana. Upande wa pili ilikuwa hali mbaya zaidi: uzi umevutwa hapa, umelegea pale, na karibu na mdomo wa mkoba kazi ikakatika.

Nikaona aibu. Si aibu yangu, aibu kwa niaba yake. Nikajiambia: mtoto atoke mbali kote huko, akute ugonjwa umeshonwa kwenye mkoba wake? Mama yake hakuwa hivi. Amkumbuke alivyokuwa.

Basi nikachukua mkasi mdogo nikafumua, kuanzia kona hadi mdomoni. Nikalowesha ngozi kidogo, nikayagonga yale matundu kwa nyundo ya plastiki mpaka yakafumba, nikayapaka nta, nikapitisha rangi juu yake mara mbili. Nikapiga mstari kwa rula. Nikatoboa upya, nikashona hadi mwisho, nikafunga. Ngoja niseme yote: kazi ilitoka nzuri kuliko kazi zangu zote, na nilipoishika mkononi, mke wangu akiwa bado hajazikwa, nilifurahi. Nyuzi zake nilizifagia pamoja na majani ya chai.

Binti aliingia Alhamisi, macho yamevimba, sanduku lake likabaki mlangoni. Nilimpa mkoba kabla hajakaa. Akaunusa, akaukumbatia.

"Aliumaliza!" akasema. "Baba, aliumaliza! Lini?"

Hapo mdomo wangu ukaondoka bila mimi.

"Jumamosi," nikasema. "Ungemwona! Aliamka mwenyewe, akakaa wima, akaomba chai ya sukari nyingi. Akamkemea mama yako mdogo kwamba kilemba chake kimekaa kama sufuria. Kisha akadai mkoba, akashona, mwanangu, akashona! Uzi ulienda mbio mpaka ukanuka moshi. Nilisimama na bilauri ya maji pembeni, nikihofia shuka litashika moto."

Binti yangu akacheka. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini alicheka, na mimi nikaona hicho kicheko kama malipo halali ya kazi yangu.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. "Shemeji," akaniita, "njoo, chai inaungua."

"Tangu lini chai ikaungua?"

"Hii ya leo inaungua. Njoo."

Jikoni hapakuwa na chai yoyote. "Hata leo?" akaninong'oneza. "Hata kwa huyu?"

"Amecheka. Hukumwona?"

"Nimemwona. Na wewe utakuja kukilipia hicho kicheko, Chumvi. Mimi simo."

Tukazika. Watu wakaja, watu wakaondoka. Jumapili nyumba ilikuwa tupu, nami nikamkuta binti yangu kwenye meza ya jikoni, kwenye kiti cha mama yake. Mkoba ulikuwa mbele yake. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililonitisha.

"Baba, kaa." Nikakaa. "Ile Jumamosi mimi nilipiga simu."

Nikatazama dirishani.

"Nilipiga mchana. Ulipokea wewe. Nikasema nataka kusikia sauti yake tu, hata neno moja. Ukaniambia amelala."

"Alikuwa... baada ya kushona, unajua, alichoka..."

"Ulisema amelala tangu asubuhi." Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayevuka mahali penye utelezi. "Kwenye ndege zote mbili nilijifariji kwamba hakuwa na nguvu ya kusema. Ndiyo maana hatukuagana. Nikakubali. Sasa unaniambia alikaa wima, anakunywa chai, anamtania mama mdogo. Kwa hiyo nguvu alikuwa nazo, baba. Ila hakutaka kuongea na mimi. Nilimkosea nini?"

Nimesema uongo mwingi maishani, lakini sikuwahi kuuona ukigeuka mbele yangu na kumng'ata mtu niliyemtengenezea. Na bado, mnajua nilifanya nini? Nilijaribu kuutibu kwa uongo mwingine.

"Simu yenyewe ilikuwa mbovu siku ile, mama. Haikuwa inasikika vizuri, nikaona bora niseme..."

Hakunisikiliza. Alikuwa ameinamia mkoba, kucha yake inatambaa juu ya uzi: upande wa kwanza, kisha kona, kisha upande wa pili. Kwenye kona kidole kikasimama. Kikarudi nyuma, kikaja tena.

"Hii imelalia kulia," akasema.

Nikaficha mkono wangu wa kulia chini ya meza.

"Mimi nimekulia kwenye meza hii, baba. Hapa ni mama. Kuanzia hapa ni wewe."

"Ni mimi," nikasema.

"Na yake?"

"Niliifumua. Ilikuwa imepinda. Mkono ulikuwa unamtetemeka, sikutaka uone..."

"Uzi uko wapi?"

"Niliufagia."

Kama angenitukana ningepata pa kushika. Badala yake alisukuma mkoba upande wangu, na mkasi juu yake.

"Fumua."

Nikafumua. Shemeji alisikia ukimya wetu, akaja kusimama kizingitini na kitambaa cha vyombo mkononi. Nilikata mishono yangu mizuri mmoja mmoja, nikaivuta nje, na kila uliotoka binti yangu aliuchukua akauweka pembeni, kama anahofia nitaufagia na huo. Nilipomaliza akachukua ngozi, akaikunja juu ya goti lake, kwa nguvu, uso wa nje ukivutika.

Ngozi si kama ngozi yetu sisi, ikitobolewa haiponi. Chini ya nta yangu na rangi yangu matundu yake yakafumbuka, moja hapa, moja pale, meusi, madogo. Mstari wangu ulikuwa umenyooka kwa rula. Wake uliyumba kando yake, ukaukata, ukapotea, ukarudi tena.

Akaweka kidole kwenye tundu la kwanza baada ya kona. "Hapa alikuwaje?"

"Hapo alikuwa bado anakwenda mwenyewe bafuni. Alinikataza nisimshike mkono."

"Hapa?"

"Hapo alikuwa hawezi tena kutia uzi kwenye sindano. Mama yako mdogo alimtilia."

"Jumamosi ni wapi?"

Nikamwonyesha, karibu na mdomo wa mkoba. Matundu yalikuwa yamesongamana, moja limetobolewa mara mbili.

"Sema."

"Hakukaa wima. Tulimwegemeza. Chai hakunywa. Alitaka kushona, sindano ikawa hailipati tundu. Akajaribu, akajaribu, akatoboa jingine juu yake. Akalia."

"Alilia kwa sauti?"

"Sauti alikuwa hana tena, mama. Ilikuwa imebaki pumzi tu. Wakati huo simu ikaita. Alijua ni wewe. Akanishika nguo akasema, 'Mwambie nimelala. Asinisikie hivi.'"

Kisha aligeuka, asinitazame mimi, akamtazama aliyesimama kizingitini.

"Mama mdogo. Ni kweli?"

Hapo ndipo nilipolipa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeongea bila kuongeza hata punje, na mwanangu ikambidi amtafute shahidi.

"Ni kweli," shemeji akasema. "Mito nilikuwa nimeishika mimi. Alisema hivyo hivyo."

Binti yangu akafunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yakaanza kumtikisika. Sikujua kama nina ruhusa ya kumgusa, nikaacha mikono yangu mezani. Alipotulia, akalifuta lile tundu la mwisho kwa ncha ya kidole.

"Na baada ya hapa?"

"Hakuna. Ni hapo."

"Rudia," akasema. "Yote."

Nikarudia, kuanzia kwenye kona. Na kila mdomo wangu ulipotaka kuongeza kitu, yeye aliinua kidole kabla mimi mwenyewe sijajua.