Herufi Mbili

Getrude alikuwa mtunza masjala wa chama cha wakulima wa kahawa pale Mbinga mjini, na hakuna barua iliyowahi kupotea mikononi mwake. Hata ilipoletwa kompyuta ya mezani, yenye kelele kama mashine ya kukoboa, hakubabaika. Kilichomkera ni vichwa vya barua pepe. Mtu anakuandikia jambo la miche, kichwa kinasema "Habari". Unamjibu, kinakuwa "Jibu: Habari". Baada ya wiki mbili una barua arobaini za habari na hujui ipi ni ya miche na ipi ni ya ugonjwa wa chulebuni.

Fundi kutoka Songea ndiye aliyemwekea dawa. Kwenye programu ya barua aliongeza kitu kinachokuruhusu kufungua barua uliyokwisha kupokea na kuirekebisha: kichwa, mwili, chochote. Pembeni palikuwa na nafasi ya kuandika dokezo. Getrude alifurahi kama aliyepewa jalada jipya. Barua zote zikaanza na YAH: kama inavyopasa, na kila moja akaibandika dokezo lake: "Meneja aone." "Imejibiwa." "Huyu bwana anarudia maneno." Palikuwa pia na kisanduku cha kutia alama, ukitaka nakala ya barua ya asili ihifadhiwe kabla hujaigusa. Alama hiyo aliiondoa mwezi wa kwanza tu, maana nakala zilikuwa zinaijaza mashine. Kwa kubadilisha vichwa, nakala ya nini?

Kwenye karatasi asingethubutu. Masjalani barua ya mtu haiguswi. Ukiwa na neno, unaandika dokezo pembeni na kutia saini yako. Lakini kwenye kioo cha kompyuta ukibadilisha, jina la mwandishi linabaki lilelile, tarehe ileile, saa na dakika zilezile, na wino hautofautiani rangi. Hapo ndipo shetani alipopata kiti cha kukalia.

Kaka yake wa pekee, Aidan, alikuwa mwalimu huko Katavi, mwenye simu ya kitochi na asiyependa kupiga. Jumamosi alikuwa akikaa kwenye kompyuta ya shule na kumwandikia dada yake kwa anwani ya ofisini. Barua zake zilikuwa ndefu, zenye mizaha, na hazikumtaja baba.

Baba yao, Mzee Hamphrey, aliishi Lundo kando ya ziwa, alikovua mbasa mpaka magoti yakakataa. Zamani, Aidan akiwa na miaka tisa, alimrudisha mke wake Vitalia, mama yao, kwao Litembo na sanduku lake la bati, kwa kosa ambalo leo hakuna anayelikumbuka sawasawa. Vitalia alifia huko mlimani, akazikwa pembeni mwa kahawa za kaka yake Tarsisi, na Mzee Hamphrey hakupanda kwenda kumzika. Getrude alimsamehe baba yake, kama wanavyosamehe watu waliochoka. Aidan hakusamehe wala hakujisingizia kwamba amesamehe.

Miaka mitatu iliyopita mzee alipasuliwa tezi, hali ikawa mbaya. Hakutaka kula. Kila Getrude alipokwenda kumwangalia wodini aliuliza swali moja: "Aidan ameandika?" Getrude akamsihi kaka yake, hata mistari miwili. Jumamosi jibu likaja. Mwishoni lilisema:

"Mwambie baba namwombea apone. Nikifa mimi, Lundo msinipeleke. Nilazeni kwa mama."

Getrude alikaa mbele ya kioo mpaka chai ikapoa. Mzee hakukubali kusomewa kwenye simu. Alitaka karatasi, yenye jina na tarehe, maana macho yake yalikuwa na ukungu na karatasi yeyote angeweza kumsomea. Basi angefuta tu yale maneno ya mwisho, barua iishie kwenye kuombea. Hilo lingekuwa kosa dogo. Lakini alipoweka kishale kwenye neno lile, aliona jinsi lilivyohitaji kidogo. Msinipeleke. Toa herufi mbili za katikati, s na i, na mwana anarudi kwa baba yake. Akazitoa. Akafuta sentensi ya mwisho. Hakuandika dokezo lolote pembeni, nayo ilikuwa barua pekee katika mashine ile isiyo na dokezo. Kisha akachapa.

"Nikifa mimi, Lundo mnipeleke," muuguzi alimsomea mzee. Mzee Hamphrey alilia mbele za watu, halafu akaomba uji. Wiki iliyofuata alitoka hospitali na karatasi yake mfukoni. Getrude aliona amefanya jema. Aidan alikuwa na miaka thelathini na mitatu na afya ya punda. Nani angeuliza habari za kaburi lake?

Mwezi wa sita mwaka huu Aidan alianguka darasani, akafa kabla ya kufikishwa zahanati. Moyo, walisema.

Gari la maiti lilipopita Njombe, ndugu walikuwa wamekusanyika nyumbani kwa Getrude Mbinga, kwa sababu hapo Mbinga dereva alitakiwa kuambiwa njia: apande Litembo au ateremke ziwani. Mjomba Tarsisi alikuwa amekwisha safisha mahali kando ya dada yake. Baba mdogo Baltazar, mdogo wake Mzee Hamphrey, alitoka Lundo na mzee mwenyewe, pamoja na katekista Praygod.

"Marehemu aliniambia kwa kinywa chake," alisema Tarsisi. "Alitaka kulala kwa mama yake."

"Kinywa hakina tarehe, shemeji," alijibu Baltazar. "Kaka, toa karatasi."

Mzee akaitoa. Katekista akaisoma kwa sauti ya kanisani, na alipofika kwenye mnipeleke, chumba kizima kikaguna kwa huruma. Getrude akainuka. Aliaga kwamba anafuata kitu ofisini, akapanda bodaboda.

Mashine ilichukua muda wake kuwaka. Kikapu cha taka hakikuwa na kitu. Kule mtandaoni barua zilikotoka hakukuwa na kitu pia, kwani programu ilizishusha na kuzifuta huko. Neno la siri la kufungulia barua alizotuma Aidan alilijua Aidan tu. Ilibaki njia moja, ileile. Getrude akaifungua barua na kuzirudisha herufi mbili mahali pake. Alipofika kwenye sentensi ya mwisho vidole vikagoma. Alisema nilazeni kwa mama, au mnilaze karibu na mama? Alikuwa ameisoma mara moja, akiwa na haraka ya kuiua. Aliandika aliloona linafanana naye, akachapa, akarudi mbio.

Baltazar aliziweka karatasi mbili mezani, moja imechakaa kwenye mikunjo, nyingine bado ina joto la mashine. Jina moja. Tarehe moja. Dakika moja.

"Baba mdogo, hiyo ya zamani niliibadilisha mimi," alisema Getrude. "Hii ndiyo ya kweli."

"Hii ya kweli umeitoa wapi?"

"Ofisini. Nimeirudisha ilivyokuwa."

"Umeirudisha. Kwa mkono wako, sasa hivi, sisi tukiwa tunakunywa chai."

"Ndiyo, baba."

"Na ile yenyewe, kabla hujaigusa hata mara moja, iko wapi?"

"Haipo."

Baltazar hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma. Alimshika bega. "Mwanangu, unampenda mama yako. Hakuna anayekulaumu. Lakini baba yako alikuwa na karatasi hii kabla ya msiba, wakati hakuna aliyekuwa na sababu ya kudanganya."

Getrude alitaka kusema kwamba sababu ilikuwapo, na ilikuwa imelala wodini ikikataa uji. Akamtazama baba yake. Mzee alikuwa ameichukua karatasi kuukuu na kuibana kifuani kwa viganja viwili.

"Mimi hii nimelala nayo miaka mitatu," alisema.

Getrude akamgeukia mjomba wake. Tarsisi alizitazama zile karatasi, kisha akachukua kofia yake. "Gety, mimi nakuamini," alisema. "Ila nikiulizwa nimeona nini, nitasema nimeona karatasi mbili, na wewe umeziandika zote." Alitoka akaenda kuwaambia vijana wa Litembo waache kuchimba.

Gari likateremka ziwani.

Lundo walimzika siku ya pili, upepo ukirusha mchanga kwenye mashada ya maua. Watu walikuwa wengi. Waliotoka Litembo hawakufika kumi. Kabla ya kufukia, mzee aliomba barua ya mwanawe isomwe, na akataka isomwe na Getrude, kwa sababu ilikuja kwake. Alimpa ile karatasi iliyochakaa kwa mkono wake mwenyewe.

Getrude alisoma salamu. Alisoma maombi ya kupona.

"Nikifa mimi," alisoma, "Lundo msinipeleke."

Watu wakatazamana. Mama mmoja akasema masikini, machozi yanamfumba macho. Katekista Praygod akasogea taratibu, akaweka kidole chini ya neno, kama anavyowafanyia watoto wa kipaimara wanaposoma somo, akamwambia kwa upole kabisa:

"Mnipeleke, dada. Hapa imeandikwa mnipeleke."

Getrude akatazama. Ilikuwa kweli. Ndivyo ilivyoandikwa.

"Rudia, mwanangu," alisema Mzee Hamphrey, ameinua uso kuelekea sauti yake. "Wa nyuma hawakusikia."

Akarudia kama ilivyoandikwa, kwa sauti, wa nyuma wakasikia. Watu wakaitikia amina, na wanaume wakachukua makoleo.