Mistari Minne ya Juu

...na minne tu, anasema Firdaus, mistari minne ndiyo inayoonekana kwenye hizo simu mpya za mkononi, wa tano mtu autafute mwenyewe kwa kidole gumba, "na hatautafuta, shangazi, aki atachoka aende zake," na Mwanaharusi anakitazama kile kijistari kinachowaka na kuzima kwenye skrini ya kompyuta, kinangoja, mistari minne itamtosha nani, ukoo wa vizazi sita, ameuandika kwenye daftari lenye jalada jeusi tangu alipomaliza kidato cha nne, kutoka babu wa babu hadi mtoto wa juzi wa Yusuf, kaka yake, huyo mtoto ni mdogo wake huyu Firdaus, hakuna tarehe aliyoikisia, na tovuti ya ukoo ilipofunguliwa mapema mwaka huu wa tisini na tisa, hapa ghorofani Thika ambako Firdaus hufundisha kompyuta, aliipanga vivyo hivyo, mkubwa kwanza, kama anavyowasoma kwenye hitima kila mwaka, kila mtu na baba yake... "Mama, wengine tunangoja mashine, ama hapo mnaandika katiba?" ni Muoki, mwanafunzi aliyekaa nyuma, na Firdaus anamjibu bila kugeuka, "Wewe mashine unayo, funga hiyo karata unacheza," wanacheka, na Mwanaharusi hacheki, karatasi iko mapajani mwake, karatasi aliyochapiwa asubuhi, maneno yote ambayo watu wameandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti, zamani aliyewatafuta aliandika barua, salamu kwanza, jina kamili, sanduku la posta Ruiru, sasa Firdaus anasema watu wanauliza kwa maneno matatu, manne, huku wamesimama, vile mtu angeuliza njia kwa muuza duka, na hapa katikati ya karatasi, siku tatu tofauti, kutoka simu moja Uingereza, nyanya wa mandazi gitothua, na mara zote tatu tovuti imejibu hakuna... hakuna, jibu hilo alilichagua yeye, alitaka liwe fupi... na mama yupo, yuko Gitothua sasa hivi, ana miaka sabini na minne na jicho moja limeingia ukungu na bado anatoa karai nje kila alfajiri, lakini kwenye tovuti yeye ni Zena binti Salim, mke wa Abdulnasir, ukurasa wa nne, mandazi hayako popote, Firdaus aliuliza, tuweke mandazi shangazi, nyanya anajulikana nayo, akamjibu kwamba ukoo hauandikwi na mambo ya karai, alijibu hivyo, kwa sauti ya baba kabisa... na nani amuite nyanya na asiijue nyumba, wajukuu ni saba, wote wamelelewa pale mlangoni, huyu Firdaus mwenyewe alichomwa na mafuta mkononi, alama bado ipo, basi ni wa nane, na wa nane atoke wapi kama si kwa Ruqayya, mdogo wake Mwanaharusi, Ruqayya aliyeondoka mwaka wa sabini na tisa na Mbaluka, Mkristo wa mashambani huko mashariki ya Thika, baba akasema jina la Ruqayya lisisomwe tena nyumbani kwake, na yeye mwenye daftari hakulifuta, alifanya kitu alichokiona kuwa cha haki, akaunakili ukurasa upya akaacha nafasi ya vidole viwili, tupu, baba akafa mwaka wa tisini na moja na nafasi ikabaki, kwenye hitima akifika hapo hunyamaza, anavuta pumzi, anaendelea... na mama, pale mkekani, huitikia amina kwenye pumzi ile, peke yake, kabla ya wenzake, kila mwaka, na kila mwaka yeye hufikiri mama amezeeka, amepoteza hesabu ya majina, mara moja hata alimgusa bega kumwambia bado... bado, alimwambia, na mama akamtazama kwa upole... hakupoteza hesabu, hakuipoteza hata siku moja, na huko Uingereza kuna mtoto aliyeambiwa habari za karai na hakuambiwa jina la babu, ataandika nini tena, ataandika mara ngapi kabla ya kuchoka... "Sasa shangazi? Hapo juu niweke nani, babu wa babu?" kijistari kinawaka, kinazima, Muoki anakohoa makusudi, babu wa babu atashuka chini, watashuka wote, wamekufa, wao wanaweza kungoja, amelifungua daftari juu ya karatasi, ile nafasi ni nyeupe kuliko ukurasa wenyewe, na kalamu imeshatoka kifunikoni bila yeye kujua, nafasi inatosha jina moja, labda mawili, la pili mtoto atalitaja mwenyewe, "andika nyanya wa mandazi, Gitothua," anasema, na Firdaus anageuka kumtazama usoni, vidole bado hewani, "Wewe shangazi, ndio unasema hivyo?" "Andika vile vile alivyouliza, usirekebishe kitu." "Na mstari wa pili?" "Wa pili andika, yuko hai."