Jina la Mgongoni

Mtoto alikuwa ametimiza siku themanini na moja bila jina. Karani wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa, huandika watoto mpaka siku ya tisini; ukichelewa hapo, faili linakwenda mahakamani, na ya mahakamani kila mtu anayajua. Nyumbani Ruashi walimwita Bebe, na Bebe alilia kutwa nzima. Akinyonya analia, akiogeshwa analia. Akina mama majirani walikuwa wameshakata shauri lao zamani: analilia jina lake.

Gauthier, baba yake, hakuhitaji kuambiwa. Kwao, kwa Waluba wa kaskazini ya Katanga, mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake mzaa baba, na babu akiwa hai hulitoa kwa kinywa chake mwenyewe. Sharti amshike mtoto na kumwita "majina yangu", yaani mwenzangu wa jina. Bila hivyo umempa mtoto kelele tu. Na mwenye jina, mzee Floribert Mukalay, fundi mstaafu wa reli, alikuwa hai na mzima kule Naviundu. Mara mbili Gauthier alikuwa amekwenda kumwomba. Mara mbili mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Minasikia," kisha akaingia ndani na kufunga mlango taratibu, jambo ambalo linauma kuliko kuubamiza.

Asubuhi ile mkewe Syntiche alimfungia vifungo vya shati, akamwambia, "Leo usirudie tena ile maneno ya mupira. Sema paka jina, jina tu." Gauthier akapanda pikipiki, goti la kulia amelinyoosha pembeni kwa sababu halikunjiki vizuri tena.

Goti hilo lilikuwa na historia yake. Gauthier alikuwa mshambuliaji wa kati, na tuseme haki, alikuwa mzuri. Hakuwa na mbio za kutisha wala chenga za kuchekesha watu. Alichokuwa nacho ni kujua mpira utaangukia wapi kabla haujaanguka. Aliyajifunza hayo Ruashi, kwenye kiwanja ambacho malori ya mgodi yakipita mchezo unasimama mpaka vumbi litue na watu waonane tena. Akiwa na miaka ishirini na miwili aliifungia klabu yake ya mjini mabao kumi na saba kwa msimu mmoja, na timu ya taifa ya Kongo ikamwita kwa mechi mbili za kirafiki. Ya kwanza alikaa benchi. Ya pili aliingia dakika ya themanini na nne, akagusa mpira mara tatu. Mzee Floribert aliikariri miguso yote mitatu na kuwasimulia watu wa Naviundu mmoja mmoja, hata wale waliokuwa na haraka.

Baada ya hapo simu haikulia tena. Ukapita mwaka, ikapita miwili, ikawa minne. Kila orodha ilipotangazwa redioni Gauthier aliisikiliza mpaka mwisho, akazima redio, akaenda kukimbia peke yake. Kungoja namna hiyo kunamharibu mtu, na asiyekuonja asimcheke.

Wakati huo alikuwa ameshahamia klabu moja ya Zambia, na wakala wake alikuwa mtu wa kuuliza maswali. Mama yako ni mtu wa wapi? Mama yake, marehemu Edith, alikuwa mtu wa Kilwa, kwenye ziwa Mweru, ambako familia moja ina makaburi pande zote mbili za maji. Kumbe, akasema wakala, mambo yako mepesi. Aliyecheza mechi za kirafiki tu anaweza kubadili taifa, mradi awe na mzazi wa upande wa pili. Tatizo ni kwamba Edith alikufa bila kuacha karatasi hata moja. Mwenye karatasi alikuwa kaka yake, mjomba Chomba Mulenga, mchuuzi wa samaki, mwenye kitambulisho cha Zambia na sauti ya kusikika gati zima.

Wakaingia ofisi moja ndogo ya vitambulisho ng'ambo ya ziwa. Mwandishi akauliza jina la baba. Gauthier akafungua kinywa, lakini mjomba akamwahi, akasema kwa Kibemba, kifua mbele, "Andika Mulenga. Baba yake ni mimi."

Usidhani mjomba Chomba alikuwa tapeli. Kwa watu wake mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anaheshimiwa, anapikiwa kuku, lakini mwenye mtoto ni mjomba, na yeye aliona anasema jambo ambalo hata kipofu angeliona. Wakala, huyo ndiye aliyejua vizuri kinachofanyika, akajishughulisha na dirisha. Na Gauthier? Gauthier alinyamaza. Kikosi kilikuwa kinatajwa wiki ile. Alijiambia ni wino tu, atamweleza baba baadaye, na hiyo baadaye hakuijua itakuwa lini.

Baadaye hiyo ikaja kabla hajasema neno. Katika mechi yake ya tatu na Zambia walikutana na Kongo yenyewe. Huko Naviundu mzee Floribert alivaa shati lake la misa, akaenda baa ya jirani saa tisa alasiri, akakaa mbele kabisa. Habari ya kuhama haikumkera. Dakika ya sitini na saba mpira ulipigwa kutoka kulia, na Gauthier, kama kawaida yake, alikuwa ameshafika unapoangukia. Bao. Kwa heshima ya nchi aliyozaliwa hakushangilia. Alikusanya mikono kuomba msamaha, akaipa kamera mgongo, akatembea polepole kurudi katikati. Angekimbia kama wajinga wengine, pengine watu wasingepata muda wa kusoma. Kamera ikamfuata nyuma hatua baada ya hatua, na baa nzima ikalisoma jina la mgongoni: MULENGA.

Jeannot, fundi viatu, ndiye aliyeanza. "Floribert, ile mutoto haiko ya kwako? Mbona banaandika Mulenga?"

Mwingine akajibu kutoka nyuma, "Pengine ni Edith njo alikuwa anajua."

Wakacheka. Edith alikuwa kaburini mwaka wa pili. Mzee aliinuka, akaiacha chupa yake nusu, akarudi nyumbani kwa miguu. Tangu siku ile, miaka tisa sasa, hakupokea simu ya mwanawe. Nyumba ambayo Gauthier alimjengea Ruashi hakuikanyaga, na ndiyo hiyo Gauthier aliyokuwa anaishi sasa na mkewe, goti lilipokwisha, Zambia ilipoacha kumwita, na klabu ilipomshukuru kwa barua ya mistari minne. Mjini watu wazima walimwita msaliti, watoto wakamwita Mulenga. La watoto ndilo lililomuuma zaidi, maana walilisema bila ubaya.

Asubuhi ile Gauthier alimkuta mzee uani ananoa jembe. Pembeni alikaa Sylvain, mdogo wa Gauthier, mchomeleaji wa karakana ya reli, mtu asiyetajwa redioni hata siku moja.

Gauthier hakukaa. "Papa, nilikosa. Haikuwa paka inchi..."

"Inchi iko ya serikali," mzee alisema bila kuinua macho. "Ungeenda kucheza ata kwa Bachina, ningekupigia mikono. Bantu bote banatafuta maisha. Jina haiko ya serikali. Jina njo ya baba yangu, na alikufia mu reli akiwa nayo."

"Najua, Papa."

"Haukujua. Ungejua, ungesema neno moja mbele ya ule muandishi. Neno moja tu. Chomba simukasirikii, ile njo desturi yabo. Weye ulikuwa na kinywa."

Tupa ilikwaruza jembe mara kadhaa, kisha ikasimama.

"Mutoto iko na siku ngapi?"

"Quatre-vingt-un, Papa. Themanini na moja."

"Jina nitatoa," mzee alisema. "Kesho asubuhi, ku komini. Sylvain atakuya na siye. Paka kule, miye njo nitajibu."

Gauthier alipiga magoti, hata lile bovu, na machozi yakamtoka mbele ya mdogo wake bila aibu. Sylvain alikuwa anaangalia viatu vyake. Siku ile Syntiche alipika bukari, ugali wa kwao, na samaki wa Mweru, na wote wawili walikula kama watu waliotoka kwenye homa.

Komini ilifunguliwa saa mbili na nusu. Mzee alikuja na shati lile lile la misa, limefifia kwapani. Akamchukua mtoto mbele ya meza ya karani, akamtazama muda mrefu, akampulizia usoni kidogo. "Majina yangu," akasema. "Mukalay. Uko muntu ya kwetu. Usilie tena." Na mtoto, amini usiamini, alinyamaza, akashika kifungo cha shati. Gauthier alihisi kifua kinafunguka. Miaka tisa ilikuwa inamwondoka hapo hapo amesimama.

Karani aliandika jina la mtoto. Akaandika la mama, Syntiche, kama lilivyo kwenye karatasi ya uzazi. "Baba ya mutoto?"

Gauthier akaweka paspoti mezani. Mkono wa mzee ukaja juu yake, ukaifunika.

"Baba yake ni huyu," mzee alisema, akimwonyesha Sylvain kwa kidevu. "Andika Mukalay Sylvain."

Kalamu ikasimama. Karani aliwatazama ndugu wawili, akachagua kumtazama mzee.

"Kwetu, ndugu ya baba njo baba," mzee alisema, na sasa alikuwa anasema na Gauthier, kwa sauti ya chini, bila hasira, na kukosekana kwa hasira ndiko kulikotisha. "Tukiandika Mulenga pahali pa baba, huyu mutoto batamuuliza maisha yake yote: Mulenga iko nani? Miye baliniuliza, mu baa. Sitaki bamuulize naye."

Syntiche alimgeukia mumewe. Alingoja. Sylvain alikuwa na jasho juu ya mdomo. "Yaya," alimwambia kaka yake, "kama hautaki, sema. Sema, na miye nitatoka."

Gauthier akafungua kinywa. Alijua kabisa kwamba neno moja lingetosha: huyu ni wangu. Alijua pia kwamba mzee angemrudisha mtoto mikononi mwa mama yake, angechukua jina lake na kwenda nalo Naviundu, na safari hii mlango usingefunguliwa tena. Mtoto alikuwa bado ameshika kifungo cha shati. Gauthier akafunga kinywa.

Syntiche akageuza uso ukutani.

Karani akaandika, kwa mwandiko mzuri wa kuinama, Mukalay Sylvain. Akainua kichwa. "Na weye uko nani?"

Hakuna aliyemsaidia kujibu.

"Shahidi," Gauthier alisema.

Mzee akaondoa mkono. Karani akaifungua paspoti, akanakili jina herufi moja moja, akakigeuza kitabu na kumwonyesha kwa ncha ya kalamu mahali pa kutia sahihi. Gauthier alitia sahihi yake, ile aliyozoea kuwaandikia watoto kwenye jezi zao nje ya uwanja, G. Mulenga, yenye mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho.